Jibini Laini kwa Anayetafuta Protini: Ipi Ishike Nafasi ya Ipi Hapa Tanga

Ratiba nyingi za mlo wenye protini nyingi zinazozunguka kwenye simu za watu ziliandikwa kwa ajili ya mlaji wa Marekani au Ulaya, ambaye dukani kwao makopo ya jibini laini kama kotaji (ya chembechembe), rikota (ya Kiitalia) na kwaki (nzito kama mtindi uliochujwa) yamepangwa rafu moja. Mkazi wa Tanga anayeipokea ratiba kama hiyo, awe kijana wa Chumbageni anayenyanyua vyuma au mama wa Makorora aliyeshauriwa kupunguza wanga, huambiwa ale gramu 200 za jibini ya kotaji asubuhi, kisha akifika dukani hukuta jibini ya pembetatu iliyofungwa kwa karatasi inayong'aa, kopo la jibini ya krimu kutoka nje, pengine mozarela, na mtindi wa kila aina. Mara nyingi huchukua kilicho karibu kwa hoja kwamba jibini ni jibini, na hapo ndipo hesabu yote ya ratiba inapovurugika, kwa sababu miongoni mwa vyakula vinavyouzwa kwa jina hilo protini hutofautiana hata mara tatu kwa uzito uleule, na mafuta hutofautiana zaidi ya hapo.

Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime kadiri anavyosoma: kwa mtu wa Tanga, badala nzuri ya jibini nyingi laini zinazotajwa kwenye ratiba za nje haipo kwenye friji ya duka kubwa. Ipo kwenye maziwa yenyewe na kwenye mtindi, mradi mlaji ajue anachochuja na anachobakiza.

Kinachotokea maziwa yanapokuwa jibini

Maziwa ya ng'ombe ni maji kwa takriban asilimia 87, na lita moja hubeba protini ya gramu 32 hadi 34 hivi. Karibu asilimia 80 ya protini hiyo ni kasini, ile inayoganda na kuwa mabonge, na asilimia 20 iliyobaki ni protini zinazoelea kwenye maji ya rangi ya kijani-njano yanayotoka baada ya maziwa kuganda, ambayo hapa nitayaita maji ya jibini. Anayetengeneza jibini haongezi protini hata chembe. Anaondoa maji, na pamoja na maji hayo huondoka sukari ya maziwa kiasi, madini kiasi, na sehemu ya zile protini zinazoelea. Kwa hiyo jibini iliyokamuliwa sana huwa na protini nyingi kwa kila gramu 100 kuliko iliyoachwa na unyevu, lakini mafuta nayo hukolea kwa namna hiyohiyo, isipokuwa malai yawe yametolewa kabla ya kugandisha.

Namna ya kugandisha nayo ina uzito wake. Jibini ya kotaji na kwaki huganda kwa asidi inayotengenezwa na bakteria, mara nyingi kwa msaada kidogo wa renneti (kimeng'enya ambacho kwa asili hutoka kwenye tumbo la ndama), bila moto mkali wakati wa kuganda, na kwa sababu hiyo protini nyingi zinazoelea humwagika. Rikota na paniri, jibini ya Kihindi inayokatika vipande, huganda kwa moto mkali pamoja na asidi, na moto huo hushikiza sehemu ya protini zinazoelea kwenye mabonge ya kasini au, kwa rikota ya asili ya Italia, huzikusanya kutoka kwenye maji ya jibini yaliyobaki baada ya kutengeneza jibini nyingine. Mozarela na feta hutegemea renneti. Tofauti hizi huonekana jikoni mara moja: kuna jibini inayoyeyuka, kuna inayovuja maji, na kuna inayobaki kipande hata ikikaangwa.

Kipimo cha kulinganishia

Watu wengi husoma protini kwa kila gramu 100 na kuishia hapo. Kwa anayetaka kuongeza protini bila kuongeza mwili, kipimo chenye faida zaidi ni protini anayoipata kwa kila kalori 100 alizokula, na kipimo hicho hubadilisha kabisa mpangilio wa washindi.

Jibini ya kotaji ya kawaida ina protini ya gramu 11 na kalori 98 hivi kwa kila gramu 100, kwa hiyo kalori 100 zake huleta takriban gramu 11 za protini. Ile iliyotengenezwa kwa maziwa yaliyotolewa malai hufika gramu 17. Kwaki isiyo na mafuta ina protini ya gramu 12 na kalori zisizofika 70, na hivyo inaongoza kundi zima ikiwa na gramu 17 au 18 kwa kalori 100. Rikota ya maziwa kamili huwa na protini kati ya gramu 7 na 11 kutegemea mtengenezaji, na kalori 150 hadi 175, kiasi kwamba kalori 100 zake huleta gramu tano hadi sita na nusu tu. Paniri, ambayo kwa uzito inawashinda wote hao kwa gramu 18 hadi 20 za protini, hushuka ikipimwa kwa kalori, kwa kuwa ina kalori karibu 300 na hivyo hubaki kwenye gramu sita hivi. Mozarela iko jirani nayo, juu kidogo. Feta ina protini ya gramu 14 na kalori 264, sawa na gramu tano na ushei kwa kalori 100. Jibini ya krimu ina protini ya gramu sita, mafuta gramu 34 na kalori 350, yaani kalori 100 zake hazifikishi hata gramu mbili za protini. Hiyo ya mwisho haistahili kuitwa chakula cha protini. Ni mafuta ya kupaka yenye ladha ya maziwa, na mtu aichague kwa ladha yake akijua hivyo.

Jibini ya pembetatu, ambayo ndiyo watoto wengi wa mjini waliyoizoea, ni jibini iliyoyeyushwa na kuchanganywa na chumvi za kuilainisha. Kipande kimoja huwa na uzito wa gramu 15 hadi 20, na protini yake ni gramu mbili hivi au pungufu. Ili kufikia protini ya mayai mawili, ambayo ni gramu 12 hivi, ingebidi mtu ale vipande sita au zaidi, pamoja na chumvi yake yote.

Kotaji ikikosekana: rikota au mtindi uliochujwa?

Hapa ndipo ubadilishaji mwingi hufanyika, na ratiba nyingi husema kwamba kotaji na rikota zinabadilishana bila shida. Kwa mapishi ni kweli kiasi, kwa sababu zote mbili ni nyeupe, hazina ladha kali, na hukubali kitu cha chumvi na kitu cha sukari. Kwa mwenye hesabu ya protini si kweli. Akiweka gramu 200 za rikota ya maziwa kamili mahali pa gramu 200 za kotaji, anaweza kupoteza gramu kadhaa za protini na wakati huohuo kuongeza kalori zaidi ya 100, na kama hufanya hivyo kila asubuhi kwa mwezi mzima, mizani itamwambia.

Rikota hata hivyo ina mambo mawili ya kuitetea. La kwanza ni chumvi: kotaji ya dukani huwa na sodiamu miligramu 300 na zaidi kwa kila gramu 100, ilhali rikota huwa na sehemu ndogo tu ya hiyo, jambo ambalo mwenye shinikizo la damu hapaswi kulipuuza. La pili ni kalsiamu, kwani rikota huwa na miligramu 200 na zaidi ambapo kotaji huwa na 80 hivi, kwa sababu asidi inayogandisha kotaji taratibu huyeyusha kalsiamu na kuiacha iondoke na maji. Mtu mzima aliyepita umri wa miaka 50, anayekula ili mifupa na misuli visimtoke, anaweza kuwa na sababu nzuri ya kuchagua rikota licha ya kalori zake.

Lakini kwa Tanga badala halisi ya kotaji, na zaidi sana ya kwaki, ni mtindi usiotiwa sukari uliochujwa kwenye kitambaa. Mtindi wenyewe una protini ya gramu tatu na nukta kadhaa kwa kila gramu 100, sawa na maziwa yaliyoutoa, na ndiyo maana anayekunywa glasi moja akidhani amekula jibini anajidanganya. Ukitiwa kwenye kitambaa safi cha melimeli, ukaning'inizwa au ukawekwa juu ya chujio ndani ya friji usiku kucha, hupoteza nusu ya uzito wake au zaidi, na kinachobaki ni kitu kizito, cheupe, kinachopakika, chenye protini inayokaribia gramu nane hadi kumi kwa kila gramu 100. Mtindi wa maziwa yaliyopunguzwa mafuta ukichujwa hivyo hukaribia kabisa kwaki kwa kipimo cha kalori. Tena huchukua nafasi ya jibini ya krimu kwenye mkate au chapati kwa namna ambayo hakuna jibini nyingine inaweza: uchachu upo, ulaini upo, na mafuta ni sehemu ndogo tu ya yale ya kopo.

Tanga ina bahati katika jambo hili. Mkoa huu una wafugaji wadogo wengi wa ng'ombe wa maziwa wanaofugwa bandani kwa kukatiwa majani, na kiwanda cha Tanga Fresh, ambacho ushirika wa wafugaji hao una hisa ndani yake, hukusanya maziwa yao na kuyauza yakiwa freshi na yakiwa mtindi. Mtindi mzuri usio na sukari haumhitaji mtu asafiri. Kinachohitajika ni kusoma maandishi ya pakiti kwa makini, kwa sababu yogati nyingi zenye ladha ya vanila au sitroberi huwekwa sukari, na ukizichuja sehemu ya sukari hiyo hubaki ndani.

Onyo moja kuhusu mtindi uliochujwa: haupendi moto. Ukitiwa kwenye mchuzi unaochemka hukatika na kuwa chembechembe zinazoelea kwenye maji. Anayetaka kuutumia kwenye mchuzi wa kuku aupashe kwanza kwa kuuongezea mchuzi kidogokidogo kwenye bakuli, kisha autie mwishoni baada ya kuepua.

Sufuria moja, jibini mbili

Sasa nifike kwenye jambo ninaloliona kuwa na faida kuliko yote. Rikota ya nyumbani, kwa jinsi wengi wanavyoitengeneza leo kwa maziwa kamili badala ya maji ya jibini, na paniri, ambayo familia za Kihindi za mjini Tanga zimeipika miaka mingi, hutoka kwenye sufuria moja kwa njia moja. Kinachozitenganisha ni muda wa kuchuja na uzito wa kukamulia. Mwenye kulijua hili hana haja ya kuuliza ni ipi ashike badala ya ipi, maana anaweza kuamua baada ya maziwa kuganda.

Maziwa hupashwa kwa moto wa wastani huku yakikorogwa ili yasishike chini, mpaka yakaribie kuchemka, yaani nyuzi 85 hadi 90 za Selsiasi, wakati povu linapoanza kupanda kando ya sufuria. Sufuria huepuliwa, kisha maji ya ndimu au siki hutiwa kidogokidogo, vijiko viwili hadi vitatu vya chakula kwa kila lita, huku mwiko ukizungushwa taratibu. Idadi ya vijiko si sheria, kwa kuwa ndimu hazilingani ukali. Dalili ya kufuata ni maji yenyewe, ambayo yanapoacha kuwa meupe na kugeuka ya kijani-njano yanayopitisha mwanga, asidi imetosha na kuongeza zaidi kutaleta ukakasi na mabonge magumu. Kukoroga kwa nguvu wakati huo huvunja mabonge kuwa chenga ndogo zinazopotea kwenye kitambaa, na hapo protini uliyoinunua inakwenda na maji. Baada ya kuacha dakika kumi hivi yatulie, kila kitu humiminwa kwenye kitambaa.

Ukiiacha ichuje kwa dakika 10 hadi 15, utapata jibini yenye unyevu, laini, inayochoteka kwa kijiko, na hiyo inashika nafasi ya rikota na, ikiongezewa chumvi kidogo na maziwa vijiko viwili, ya kotaji pia. Ukifunga kitambaa na kuweka juu yake sufuria yenye maji kwa saa moja hadi mbili, utapata paniri inayokatika vipande. Lita moja ya maziwa hutoa takriban gramu 150 hadi 180 za paniri iliyokamuliwa vizuri, au zaidi ya gramu 200 za ile yenye unyevu, na kwa vyovyote vile protini iliyomo ni karibu ileile, gramu 26 au 28 hivi kati ya zile 32 hadi 34 za mwanzo. Linganisha na kopo la gramu 200 la jibini ya krimu, lenye protini ya gramu 12 na kalori 700. Bei ya kila kimoja msomaji ataiona mwenyewe dukani. Mimi naona hesabu imekwisha kusema.

Mafuta yanaweza kupunguzwa kabla ya kuanza. Maziwa yakichemshwa jioni na kuwekwa kwenye friji, asubuhi hukutwa malai yamepanda juu na yanaondolewa kwa kijiko. Njia hii haitoi mafuta yote kama mashine ya kiwandani, na jibini yake huwa kavu kidogo na yenye kuvunjikavunjika, lakini kalori zake hushuka kwa kiasi cha kuhesabika. Maziwa ya ng'ombe wa kienyeji kwa kawaida yana mafuta mengi kuliko ya ng'ombe wa kisasa wa aina ya Friesian, kwa hiyo kuondoa malai huleta tofauti kubwa zaidi kwa anayenunua maziwa ya vijijini. Na anayenunua kwa muuzaji asiyemfahamu atambue kwamba jibini ni shahidi mkali: maziwa yaliyoongezwa maji hutoa bonge dogo lisilolingana na lita alizolipia, hata kama kwa macho yalionekana meupe kama ya jirani.

Maji ya jibini yanayobaki yasimwagwe. Yana sehemu ya protini zinazoelea, sukari ya maziwa na madini, na hufaa kukandia unga wa chapati au kupikia wali, mradi mpishi asisahau kwamba yana uchachu.

Paniri ikilinganishwa na mozarela na feta

Kwa mtu anayepika, swali la kwanza ni kama jibini hiyo itayeyuka. Mozarela huyeyuka na kuvutika kwa sababu kasini yake imeunganishwa na kalsiamu katika mtandao unaolegea kwenye joto. Paniri haiyeyuki kamwe. Ikiwekwa juu ya chapati na kuingizwa kwenye oveni itakauka na kubadilika rangi tu. Kwa hiyo anayetafuta nyuzi za pizza asijisumbue na paniri, na kwa upande wa pili anayetaka vipande vya kutia kwenye mchicha wa nazi, kwenye mchuzi wa rojo au ndani ya sambusa atajuta akitumia mozarela, ambayo itayeyukia kwenye mchuzi na kupotea. Kwa protini hazipishani sana. Ladha ya paniri ni hafifu na hunywa viungo vizuri, jambo ambalo mapishi ya pwani yenye bizari, tangawizi na kitunguu saumu yanalipenda.

Feta ni habari nyingine. Chumvi yake ni kali, sodiamu zaidi ya miligramu 1,000 kwa kila gramu 100, kwa kuwa huhifadhiwa kwenye maji ya chumvi. Mwenye ratiba inayotaka feta kwenye kachumbari anaweza kuvunja paniri, akaitia chumvi kidogo na ndimu, na akapata kitu kinachofanana kwa kazi hiyo chenye chumvi anayoimudu. Akilazimika kutumia feta yenyewe, ailoweke kwenye maji baridi kwa muda kabla ya kula. Sehemu ya chumvi itatoka.

Tofauti hii ya chumvi huwa na maana ya pekee mwezi wa Ramadhani. Kasini huganda tena tumboni kutokana na asidi ya tumbo, kisha huachiliwa polepole kuliko zile protini zinazoelea, na kwa sababu hiyo mtu anayefanya mazoezi na kufunga hufaidika akila jibini laini wakati wa daku. Lakini daku ya feta au ya jibini ya pembetatu humwachia kiu ya kutwa nzima katika joto la pwani. Paniri isiyo na chumvi au mtindi uliochujwa, pamoja na tende na ndizi, hufanya kazi ileile bila adhabu hiyo.

Kiasi gani kinatosha

Kiwango cha kawaida kwa mtu mzima mwenye afya ni gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, hivyo mwenye kilo 70 anahitaji takriban gramu 56. Wanaofanya mazoezi mazito hushauriwa kati ya gramu 1.2 na 2.0 kwa kilo, yaani gramu 84 hadi 140 kwa mtu huyohuyo. Ukitazama viwango hivyo, jibini laini ni nyongeza ya mlo mmoja, kwani hata gramu 200 za kotaji hutoa gramu 22 tu. Sehemu kubwa itatoka kwingine, na hapa siwezi kujizuia kusema kwamba mtu wa pwani anayeacha dagaa kwa ajili ya jibini ya kopo anafanya biashara ya hasara: nusu ya uzito wa dagaa wakavu, au zaidi, ni protini, na samaki mbichi wanaoshushwa Deep Sea wana protini ya gramu 20 hivi kwa kila gramu 100 bila hata nusu ya mafuta ya paniri. Jibini iwekwe mahali ambapo samaki haendi, yaani kwenye kifungua kinywa, kwenye kitafunwa cha saa nne, au kwenye mkate wa mtoto.

Mwenye ugonjwa wa figo asifuate ratiba yoyote ya protini nyingi, ya jibini wala ya samaki, kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Anayesumbuliwa na gesi au kuharisha akinywa maziwa, na watu wazima wengi wa Afrika huwa hivyo kwa sababu miili yao huacha kumeng'enya sukari ya maziwa ukubwani, ataona kwamba paniri iliyokamuliwa na mozarela humkubali zaidi kuliko kotaji au rikota yenye unyevu, kwa sababu sukari hiyo huondoka na maji. Mtindi nao mara nyingi huvumilika kwa kuwa bakteria wake hula sehemu ya sukari na kusaidia kuvunja iliyobaki.

Usalama na joto la pwani

Kuna kigezo kimoja ambacho majedwali ya protini hayakionyeshi, nacho kwangu kina uzito sawa na vyote vilivyotangulia. Jibini inayogandishwa kwa moto mkali hupita kwenye joto linaloua vijidudu vya brusela na kifua kikuu cha ng'ombe, ilhali jibini au maziwa mgando yaliyotengenezwa kwa maziwa mabichi hayajapita popote. Kwa hiyo mtu aliye na maziwa ya bandani yasiyochemshwa, akiulizwa achague kati ya kuyagandisha yenyewe na kuyachuja, au kuyafanya paniri, achague paniri. Akitaka mtindi, ayachemshe kwanza, yapoe hadi yawe vuguvugu, kisha ayatie mbegu ya mtindi safi. Mjamzito awe mwangalifu zaidi ya wote, kwa kuwa bakteria wa listeria huweza kumea hata ndani ya friji na hupenda jibini laini zenye unyevu. Kwake inafaa ile iliyotengenezwa kwa maziwa yaliyopashwa ipasavyo, ikaliwa mapema, au iliyopikwa tena kwenye chakula cha moto.

Wanaopanda Lushoto hurudi na jibini kutoka shamba la Irente, na ni jibini nzuri, lakini baridi ya Usambara huishia Mombo. Kuanzia hapo hadi Korogwe, Muheza na mjini ni joto, na jibini laini isiyo na barafu ndani ya basi haipaswi kuhesabiwa salama kwa zaidi ya saa mbili. Siku ambazo joto limepita nyuzi 32, saa moja inatosha kuiharibu. Nyumbani, paniri na rikota za kujitengenezea zikae kwenye chombo kilichofunikwa sehemu ya friji yenye baridi zaidi na ziliwe ndani ya siku tatu au nne. Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa hutunza ubaridi kwa saa nne hivi, na zaidi ya hapo jibini laini ndiyo ya kwanza kutupwa, hata kama haijatoa harufu. Anayetengeneza nyingi kwa pamoja agandishe paniri peke yake, ikiwa imekatwa vipande, kwa kuwa hustahimili barafu na hurudia hali yake ikitiwa kwenye mchuzi wa moto. Kotaji na mtindi uliochujwa vikigandishwa hutengana na kuwa maji na chembe, na havirudi tena kupakika kwenye mkate.